Machipukizi ya Ngonga

"Mwalimu, niandike tunashusha mizigo wapi?" dereva wa lori aliuliza, kalamu mkononi. "Dar kwa binti yako, au Kibaha?"

Mwalimu Stumai alikuwa amestaafu, anaondoka Ngonga, kijiji cha Kyela, baada ya miaka ishirini na tisa. Binti yake alimwandalia chumba ghorofa ya nne, katikati ya jiji. Kibaha, nje ya jiji, alikuwa na nyumba ya vyumba viwili na uwanja mtupu. Wiki nzima alishindwa kuamua.

Ndipo majirani wakaja wakiimba, kila mwanamke na chipukizi la mgomba kichwani, mizizi ikidondosha tope jeusi.

"Ukayapande huko," alisema mmoja. "Tukija tutauliza tu, mwenye ndizi za Kyela anakaa wapi?"

"Na usituambie umeyapanda kwenye ndoo!" mwingine akadakia, wote wakacheka.

Stumai alipokea la kwanza. Tope la baridi likamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Ndaga fijo, jamani, asanteni sana!" Akamgeukia dereva. "Andika Kibaha. Na hilo kochi lishusheni, migomba ipate nafasi."