Fremu ya Tisini na Sita

Miaka hiyo hakuna marehemu aliyeruhusiwa kuzikwa mpaka familia imchoree video ya sekunde kumi na kuituma ofisi ya kata. Eliaika alimchora mama yake akichambua mchele, lakini kila alipobonyeza kutoa video, programu iligomea mchoro mmoja tu kati ya mia mbili na arobaini: "Kosa, fremu ya tisini na sita."

Alipunguza ukubwa wa video. Akaunganisha tabaka za rangi. Akazima kompyuta, akaiwasha. Kosa lilelile.

"Dada, watu wamekaa msibani siku ya tatu!" mdogo wake Mbonea aliita kutoka uani.

"Njoo basi uchore wewe!"

Akampigia karani wa kata.

"Fremu hiyo mama amekunja uso," karani alisema, akiitazama kwenye mfumo wake. "Mfumo unapokea wenye furaha tu."

"Akiona chuya alikunja uso! Ndivyo alivyokuwa!"

"Mrekebishe, dada yangu. Wenzako wote wanarekebisha."

Akayafuta makunyanzi, akachora tabasamu. Video ikatoka papo hapo, na kibali cha mazishi kikafuata.

Mbonea aliitazama mara mbili. "Anapendeza," alisema taratibu. "Lakini ni nani huyu?"

Eliaika akaitafuta picha ya kwanza amwonyeshe. Programu ilikuwa imeshahifadhi ile mpya mahali pake, ya kwanza ikafutika.