Chupa ya Harusi ya Verna

Chupa ilifungwa mkanda wa gari kama abiria. Jillian ndiye aliyeiviringisha kwenye blanketi la mtoto na kuiketisha siti ya nyuma, karibu na mama yake. Njia nzima Verna aliitazama kwa jicho la pembeni, kama anayemtazama nyoka aliyelala.

Chupa ile ya Shiraz, mvinyo mwekundu, walipewa na baba mkwe wake siku ya harusi. Zabibu zake zilichumwa kwenye mizabibu mikongwe kuliko yote katika bonde lao, na yeye na Erwin waliahidiana kuinywa wakitimiza miaka hamsini ya ndoa. Hamsini ilikuwa inatimia Jumapili. Basi binti yao, kwa mapenzi yake, akawaandikisha kwenye kiwanda cha mvinyo kwa siku ya ukaguzi: unapeleka chupa yako ya zamani, mtaalamu anaizibua, anaonja kidogo, anaongezea kilichopungua, kisha anapiga kizibo kipya.

Anaonja. Neno hilo ndilo lililokuwa limemkosesha Verna usingizi.

Maana mwaka ule Erwin alipokwenda mjini Adelaide kutazama kriketi, Verna na dada yake Meta waliifungua, eti waonje tu. Kufika jioni walikuwa wamesimama juu ya meza ya jikoni wanaimba nyimbo za kanisani. Kesho yake, kichwa kinamgonga, Verna akaijaza chupa juisi ya forosadi za mti wa uani, akaiziba kwa mashine ya mkono ya Erwin kule bandani, akayeyusha mshumaa mwekundu na kuipaka nta shingoni kama ilivyokuwa. Akairudisha kabatini. Meta alishakufa na siri yake.

Na Erwin alivyoipenda chupa ile! Kila wakikaribishwa mvinyo kwa watu, alitikisa kichwa. "Mzuri, lakini haufikii wetu wa kabatini. Ule una utamu wake, bwana." Verna akawa anainamia sahani yake.

"Mama, mbona unatoka jasho?" Jillian alimwona kwenye kioo.

"Joto tu, mwanangu."

"Foleni itakuwa ndefu huko," Erwin akasema. "Turudi nyumbani. Mvinyo umelala zake salama, wa nini kuuamsha?"

"Baba! Nafasi yenyewe nimeisubiri mwaka mzima."

"Msikilize baba yako," Verna akadakia.

"Heh! Leo mmekubaliana nyie wawili? Makubwa haya!" Jillian akacheka, akakanyaga mafuta.

Mtaalamu, Bwana Kleinig, alikuwa na aproni nyeupe na pua ndefu ya kazi yake. Akakwangua nta, akavuta kizibo taratibu, akamimina kidogo kwenye glasi, akaiinua kwenye mwanga. Verna aliushika mkono wa mumewe. Ulikuwa wa baridi kama wake.

Bwana Kleinig akanusa. Akaonja. Akaiweka glasi mezani kwa uangalifu, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Mama Verna, Mzee Erwin, sijui niwaambieje. Hii si Shiraz."

Verna akafumba macho, akavuta pumzi ili aungame.

"Hii ni chai ya rangi."

Verna akafumbua macho. Akageuka polepole kumtazama mumewe. Erwin alikuwa anaangalia dari, masikio yamemwiva kama forosadi.