Mwisho wa Kitabu cha Mwalimu

Siku ya tatu tangu arudi mjini kwao Baraka kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, Faida alienda kumsalimu mwalimu wake wa zamani. Mzee alikuwa amepofuka, lakini aliitambua sauti yake.

"Ile kitabu ulimaliza kusoma?" akauliza.

Vita vilipoingia, mwalimu alimfuata mpaka ufukweni, boti ikijaa watu, akampa kitabu alichokuwa bado anakisoma mwenyewe, ili kimfariji ugenini. Faida alisoma kurasa ishirini, kikamchosha. Zilizobaki alizichana mojamoja, akawashia moto.

"Nilimaliza, Mwalimu."

Uso wa mzee ukakunjuka. Akasogeza kiti mpaka magoti yao yakagusana, akamshika mkono. Vidole vyake bado vilikuwa na sugu pale alipozoea kushikia kalamu.

"Mi nilifika pale yule mama anavuka muto. Miaka saba niko najiuliza. Alirudia kwao?"

Faida alitaka kusema ukweli. Lakini mzee alikuwa ameshamtegea sikio.

"Alirudia," akasema.

"Na mutoto je? Alimukuta muzima?"

Faida hakujua hata kama kwenye kile kitabu kulikuwa na mtoto.