Mkono wa Nyamizi

Siku hizo, mwanafunzi aliyefeli katika shule ya ufundi ya serikali alinyang'anywa ufundi wake, na aliyeandikishwa kushika nafasi yake akaupokea mikononi. Nyamizi alifeli hesabu, akarudi nyumbani mikono mitupu kwelikweli.

"Shika sindano, mwanangu," mama yake, Kalunde, alimbembeleza. "Kushona hukufundishwa na shule. Bibi yako ndiye aliyekufundisha, hata darasa la kwanza hujaanza."

"Hawakuweza kutenganisha wa shule na wa bibi, mama. Mkono ni mmoja."

Kalunde alimwonyesha pindo, akarudia, akamwomba Mungu huku akirudia. Binti alitazama kama mgeni atazamavyo ngoma ya watu. Kila alipojaribu, uzi ulichomoka.

Hodi ikapigwa. Alikuwa Milembe, binti wa jirani, na foronya mkononi.

"Shikamoo mama! Shule ya ufundi wamenipokea! Tazama nilichoshona leo, mimi niliyekuwa nashindwa hata kifungo!"

Kalunde akaipokea foronya. Pindoni ulikuwapo mshono wa marehemu mama yake, bibi yake Nyamizi, ule wa kurudi nyuma mara mbili, ambao nje ya nyumba hii haukuwahi kujulikana.

Nyamizi akaupapasa. "Mzuri huu. Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Mikono yenyewe inajua."

Kalunde alifungua kinywa aseme Mungu ashukuriwe, kama impasavyo mtu mzima mbele ya heri ya mtoto wa jirani. Badala yake akaikumbatia foronya kifuani, asiirudishe.