Kiti cha Bwana Khare

Khare alilisukuma faili kwa kidole kimoja hadi ukingoni mwa meza, akarudisha mikono yake kwenye kiti na kutulia.

"Ukurasa mmoja tu, ndugu yangu," Dubey alimsihi.

"Niache nikae, mkuu."

Jibu lilikuwa hilo hilo tangu mvua ziishe. Dubey, karani mkuu wa ofisi ya mifereji pale Jabalpur, alishambembeleza na kumkaripia mpaka akachoka. Khare hakubishana wala hakupandisha sauti. Hakufanya kazi, basi. Asubuhi aliwatangulia wote kufika, na chapati alizofungiwa nyumbani aliwapa ng'ombe wa barabarani.

Kila mtu ofisini alikuwa na tafsiri yake. Mhasibu alisema jamaa amesusa kwa kunyimwa cheo. Tarafdar, mchoraji wa ramani, aliapa kuwa ni nadhiri, ameiweka kwa ajili ya marehemu mkewe. Pushpa, mpiga chapa mwenye ulimi usio na breki, alisema ni kiburi tu.

"Na wewe ndiye unayemdekeza, mkuu," alimwambia Dubey. "Wenzako tulikesha na vitabu, tukafanya mitihani. Wewe baba yako alifia kazini, serikali ikakuajiri bila mtihani, kama inavyowahurumia watoto wa wote wanaofia kazini. Ndiyo maana una huruma za bure."

Dubey alicheka, kwa kuwa ni kweli na utani huo alishauzoea. Moyoni alikuwa na tafsiri yake mwenyewe. Khare amechoka, alijiambia, amechoka hata kuondoka hajui. Alimwonea uchungu sana.

Akamtafutia uhamisho wa kwenda mji wa kwao, Khare akaukataa. Akamshauri achukue likizo ya ugonjwa, apimwe tu na daktari wa serikali. Hapo Khare alimtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Daktari wa nini? Mimi mzima. Niache nikae, Dubey, sitakusumbua sana."

Kisha ikaja habari kwamba mkaguzi yuko njiani kutoka Bhopal. Mhandisi mkuu alimwita Dubey. "Huyo gogo wako nataka afukuzwe kabla mgeni hajafika."

"Ana binti nyumbani, bwana mkubwa," Dubey alisema. "Ukimfukuza, hata pensheni hapati. Nakuangukia miguuni."

Alimwomba mchana kutwa. Mwishowe mhandisi alilegea. Sheria iliruhusu serikali kumstaafisha mtumishi mzee kwa heshima, pensheni yake ikiwa kamili, bila hata kumuuliza. Dubey alitoka mle ndani akipangusa jasho, amefurahi.

Ijumaa wakamuaga. Walimvika Khare shada la maua ya manjano, wakamfunika shali mpya, wakagawa sambusa. Khare aliing'ang'ania mikono ya kile kiti mpaka wanaume wawili walipomnyanyua, na walishangaa jinsi alivyokuwa mwepesi. Alilia kwa sauti. Pushpa naye alilia, akajuta maneno yake yote. Dubey alimpandisha kwenye riksho kwa mikono yake mwenyewe.

Jumatatu wakasikia kwamba Khare amefariki usiku ule ule wa kuagwa. Dubey alihuzunika kwa dhati, lakini alikuwa na la kujiliwaza. Angalau maskini hakufa akiwa mtumwa wa meza. Alikufa amepumzika, na aliyempumzisha ni yeye.

Matanga yalipokwisha, msichana aliyevaa nguo nyeupe za msiba aliingia ofisini akiwa na mfuko wa plastiki. Aliinama akamgusa Dubey miguu kwa heshima.

"Mimi ni Vaidehi, binti wa Khare."

"Pole sana, mwanangu. Baba yako alikuwa ndugu yangu."

"Asante, baba mdogo. Tulijua tangu wakati wa mvua. Daktari alituambia ini limekwisha. Nilimsihi abaki nyumbani, akakataa katakata, akasema lazima kifo kimkute bado yuko kazini." Alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Siku ile alirudi na shada shingoni. Nilimuuliza ni la nini, akalivua tu akaliweka kando. Akalala, hakuamka tena."

Akatoa vyeti vyake vya shule mfukoni, akavipanga vizuri mbele ya Dubey.

"Alisema akishafariki nije kwako, utaniambia naanza kazi lini."