Namba Kumi

Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na mnyapara alishasema asiye na mabuti hatashuka mtaroni. Mwinyimvua aliketi kwenye benchi la duka la viatu, mtaa wa Mchafukoge, akanyoosha mguu wa kulia. Wa kushoto hakuuhangaikia. Huo ulikuwa na matende mwaka wa nne sasa, na buti lake kila mara fundi humpasulia, naye hulifunga kwa kamba.

Vidole viliingia, unyayo ukaingia, kisha buti likagoma kwenye kifundo.

"Hili si namba kumi, bwana."

"Ndiyo kumi hiyo," muuzaji alijibu. "Kama ile ya mwaka jana."

"Basi limekosewa kiwandani. Lete jingine."

Jingine nalo liligoma pale pale. Mwinyimvua alikibonyeza kifundo kwa kidole gumba, kisha akakiondoa kidole. Kishimo kilibaki. Alisubiri kijae. Hakikujaa, kama ilivyokuwa mguu wa kushoto ulipoanza.

Muuzaji, aliyekuwa ameinama mbele yake, alikiona. "Nikuletee kumi na moja?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Na mwakani utaniletea namba gani?"

Mwinyimvua aliikunjua suruali aliyokuwa ameikunja hadi magotini, akaifunika miguu yote miwili.