Korongo Aliyemfukuza Kanga

Sikilizeni yaliyompata Korongo, mzee wa kanisa la ndege. Kanga alipokiri ibadani kwamba hajui kama Mungu yupo, Korongo alimfukuza. "Toka! Utatuharibia waumini."

Mwezi haukuisha, kinda wa Korongo akatumbukia kwenye shimo la matope. Korongo akaomba kwa sauti kuu, waumini wakaitikia "Amina," wala hakuna aliyesogea. Kanga ndiye aliyeshuka, akatoka na kinda mgongoni.

"Dada Kanga, nani amekutuma?" Korongo aliuliza, macho chini.

"Sijui, mzee. Nilisikia mtoto analia."

Korongo aliona haya. Jumapili alimwita Kanga ibadani, akasimama mbele ya wote. "Nilimfukuza jirani yangu kwa jina la Mungu. Dada, nisamehe. Rudi ukae nasi, na shaka yako."